Kwotabeki wa chuo: futa nusu ya pasi zake kabla ya kumpa alama

Katika drafti ya mwaka 2021, yaani zoezi ambamo timu za NFL, ligi ya kulipwa ya futiboli ya Kimarekani, huchagua wachezaji wa vyuo kwa zamu, makwotabeki watano (wale wanaorusha mpira na kuongoza mashambulizi) walichaguliwa ndani ya nafasi 15 za mwanzo: Trevor Lawrence wa 1, Zach Wilson wa 2, Trey Lance wa 3, Justin Fields wa 11 na Mac Jones wa 15. Kufikia mwisho wa Aprili 2024, ni Lawrence peke yake aliyekuwa bado na timu iliyomchagua. San Francisco walitoa nafasi tatu za raundi ya kwanza ili kumfikia Lance. Mwaka uliofuata wakamchukua Brock Purdy wa 262, nafasi ya mwisho kabisa ya drafti ile, na msimu haujaisha yeye ndiye alikuwa anaongoza timu.

Timu hizi zina maskauti wa kutosha, zina video zote na zina fedha. Kinachowaangusha ni kile wanachokihesabu. Takwimu za kwotabeki wa chuo zimejaa pasi ambazo kijana yeyote mwenye mkono wa wastani angezikamilisha, na pasi hizo zikishachanganywa na zile ngumu, huwezi tena kuona nani ni nani. Ndiyo maana nashikilia kwamba kazi ya kwanza ni kufuta. Sifa zije baadaye.

Anza na video yenyewe. Matangazo ya televisheni hayafai, kwa sababu kamera inamfuata mwenye mpira na mabeki wa mwisho wanatoka nje ya picha. Unahitaji ile video ya makocha inayoonyesha wachezaji wote 22, kwa pembe mbili: ya pembeni, inayokuonyesha njia za wapokeaji na umbo la ulinzi, na ya nyuma ya goli, inayokuonyesha miguu ya kwotabeki na wazuiaji wake. Chagua mechi sita hadi nane. Ziwemo mbili dhidi ya ulinzi mkali kuliko wote aliokutana nao, moja ya ugenini yenye kelele, na ile mbovu kuliko zote. Mechi mbovu ndiyo ya kutazama mara mbili, maana hapo ndipo ulinzi ulipogundua kitu, na makocha wa NFL watakigundua kitu hicho hicho kufikia wiki ya tatu.

Kila anaporudi nyuma kutupa, jaza mstari mmoja kwenye jedwali: dauni (jaribio la ngapi kati ya manne ya kusogeza mpira yadi 10) na yadi zilizobaki, mpira ulikuwa upande gani wa uwanja, ulinzi ulionyesha nini kabla na ukawa nini baada ya mpira kutoka kwa senta (mzuiaji wa katikati anayeuanzisha), alimtupia mpokeaji wa ngapi katika mpangilio wake, kulikuwa na presha (walinzi wamemfikia au kumkaribia) au hakukuwa, mpira ulifika wapi mwilini mwa mpokeaji, na matokeo. Matokeo yawe safu ya mwisho. Ukiyaandika mwanzo yatakupotosha: tachidauni (bao la kufikisha mpira mwisho wa uwanja) hulifanya jicho lisamehe kosa. Mechi nane zitakupa mistari 250 au 300 hivi.

Sasa futa.

Za kwanza kuondoka ni pasi zote zilizopokelewa nyuma ya laini ya kuanzia (pale mpira ulipowekwa), yaani skrini, pasi fupi za nyuma ya ukuta wa wazuiaji, na zile za kumpasia mkimbiaji pembeni. Kwenye mashambulizi mengi ya vyuo hizi ni sehemu kubwa ya mchezo, na ndizo zinazopandisha asilimia ya pasi zilizokamilika hadi 70 bila kijana kusoma chochote.

Zifuatie RPO, yaani michezo ambamo kwotabeki anamtazama beki mmoja tu: akisogea mbele, mpira unatupwa nyuma yake, akibaki, mkimbiaji anapewa. Hapa kuna sheria inayofichika. Vyuoni wazuiaji wanaruhusiwa kusonga hadi yadi 3 mbele ya laini wakati pasi inatupwa. NFL ni yadi 1. Zile yadi 2 za ziada ndizo zinazomfanya beki aamini kabisa kwamba ni mchezo wa kukimbia, na nafasi inayofunguka nyuma yake ni pana kuliko atakayoipata kijana huyo akifika juu. Pasi ya RPO isikuambie zaidi ya kasi ya mkono na usahihi wa yadi sita.

Halafu pasi za danganyo, ambazo kwotabeki hujifanya kwanza anampa mkimbiaji mpira, pale ambapo mpokeaji alibaki peke yake kwa sababu beki alijikwaa au mabeki wawili walimfuata mtu mmoja. Halafu robo ya nne ya mechi ambayo timu inaongoza kwa pointi 28. Halafu mechi dhidi ya chuo cha daraja la chini kilicholipwa kuja kufungwa. Ratiba ya chuo cha BYU ya mwaka 2020, iliyopangwa upya kwa sababu ya janga la korona, ilimpa Zach Wilson wapinzani wepesi kuliko waliokuwa wamepangwa mwanzo, na takwimu zake za msimu ule zilitakiwa zisomwe hivyo.

Tuseme kijana ana pasi 400 za msimu. Usishangae zikibaki 120 au 150. Hizo ndizo zinazofanana na kazi atakayolipwa kuifanya: dauni ya tatu ikiwa imebaki yadi saba au zaidi, mtu anamjia, mpokeaji wa kwanza amefungwa, nafasi ya kupitisha mpira ni mita moja. Wagombea wawili waliokuwa sawa kwa asilimia 68 unaweza kukuta hapa mmoja yuko 58 na mwingine 41.

Ukiwa bado na namba mkononi, rekebisha mambo mawili ambayo watu huyasahau. Vyuoni, kwotabeki akiangushwa na mpira mkononi, yadi alizopoteza zinakatwa kwenye hesabu yake ya kukimbia. NFL zinakatwa kwenye pasi za timu. Kwa hiyo kijana mwenye "yadi 200 za kukimbia" huenda alikimbia 450 na kupoteza 250 kwa kuangushwa, na hizo ni habari mbili tofauti kabisa. Pili, alama ya ufanisi wa pasi ya vyuo inaweza kupita 200, ilhali ya NFL inaishia 158.3. Kuziweka pembeni moja kwa nyingine ni kulinganisha mizani mbili zisizojuana.

Macho

Sehemu hii ndiyo inayoamua, na ndiyo ngumu kuiona. Tumia pembe ya nyuma ya goli na utazame kofia yake. Kofia inageuka pale macho yanapogeuka. Kwotabeki anayesoma kweli atageuza kofia, na miguu itafuata: kila mpokeaji mpya, mguu wa mbele unaelekezwa upya. Anayejifanya anasoma atageuza kofia huku miguu ikibaki imetazama mahali pa mwanzo, kisha anarudi kwa mtu wake yule yule. Kuna pia anayetazama wa kwanza, akimkuta amefungwa anakimbia. Vyuoni anaonekana shujaa kwa sababu ana kasi kuliko mabeki. NFL mabeki wa kati wanakimbia kama yeye.

Angalia nusu sekunde ya kwanza baada ya mpira kutoka. Ulinzi mzuri unaonyesha mabeki wa mwisho wawili wakiwa juu, mbali na mpira, halafu mpira ukitoka mmoja anashuka na mwingine anakwenda katikati. Picha aliyokuwa nayo kichwani imekuwa uongo. Je, anaona? Dalili ya kwamba ameona ni kwamba haanzi kurusha kwa njia aliyoipanga. Anasita kidogo sana, anahamia upande wa pili, na mpira unatoka kwa wakati. Dalili ya kwamba hakuona ni pasi iliyonaswa na mtu anayeonekana kama ametoka ardhini.

Kwa hiyo zigawe pasi zake zilizonaswa. Kuna zile za mpokeaji aliyeugonga mpira ukapaa, hizo mwachie. Kuna zile alizoona sawa lakini mkono ukakosa. Hizo ni za miguu, nitazirudia. Kuna za ubishi, amekabwa na watu wawili na bado anarusha yadi 40. Nyingine zinatokana na timu kuwa nyuma kwa pointi 17, na kocha mzuri huzipunguza. Na kuna zile za beki wa kati aliyejificha chini ya njia, kwotabeki asimwone kabisa. Ukikuta tatu au nne za namna hii dhidi ya ulinzi wa aina moja, andika kwa wino mwekundu. Sijaona kasoro inayokataa mafunzo kuliko hii.

Usisahau kuongeza zile ambazo zilistahili kunaswa ila beki akaziangusha. Trey Lance alimaliza msimu wa 2019 pale North Dakota State na tachidauni 28 za pasi, bila hata pasi moja kunaswa katika pasi 287. Sifuri ile ilisomwa kama uamuzi wa mtu mzima. Lakini pasi 287 ni chache, timu yake ilikuwa ikiongoza karibu kila mechi, na hakulazimika mara nyingi kurusha wakati kila mtu uwanjani anajua kwamba atarusha.

Mahali pa kupimia macho ni katikati ya uwanja, kati ya yadi 10 na 20. Pasi ya huko inapita juu ya beki wa kati na kushuka mbele ya beki wa mwisho, kwa hiyo inataka kusoma tabaka mbili na kurusha kwa upinde wa kadiri. Kijana asiyetupa huko kabisa, aidha kocha wake hamwamini au yeye mwenyewe haoni. Hesabu pasi za eneo hilo katika mechi nane. Zikiwa chini ya kumi na tano, una shimo kwenye ripoti yako na huna haki ya kulijaza kwa kubahatisha.

Presha

Kipimo ninachokiheshimu kuliko vingine vyote ni rahisi: gawa idadi ya mara alizoangushwa kwa idadi ya mara alizopata presha. Tuseme alipata presha mara 100 na kuangushwa mara 24. Hiyo ni asilimia 24. Mwingine kwa presha 100 zile zile ameangushwa mara 14. Chini ya 15 ni vizuri sana, karibu na 20 ni kawaida, ikipita 25 kuna jambo. Watu huilaumu laini ya wazuiaji kwa kila anguko, lakini kipimo hiki kimeshawaondoa wazuiaji kwenye hesabu, kwani presha tayari imefika. Kinachoulizwa ni yeye amefanya nini nayo. Na tabia hii hupanda ngazi pamoja na mchezaji. Caleb Williams alipokuwa chuo cha USC alijulikana kwa kushika mpira muda mrefu akitafuta mchezo mkubwa. Msimu wake wa kwanza Chicago, mwaka 2024, aliangushwa mara 68. Wazuiaji wake walikuwa dhaifu, ni kweli, lakini tabia ilikuwa imeonekana mapema.

Zaidi ya namba, tazama anakotorokea. Presha ya NFL hutoka pembeni kwa kasi, hivyo njia sahihi mara nyingi ni kupanda mbele hatua moja au mbili ndani ya poketi, ile nafasi inayozungukwa na wazuiaji, na kuwaacha wanaokuja wapite nyuma. Anayerudi nyuma kwa kuzunguka anawapa wazuiaji kazi isiyowezekana: wao wanalinda mahali ambapo yeye hayupo tena. Angalia macho pia. Akitazama chini kwa wale wanaomjia, wapokeaji wameshapotea. Kijana anayesogea huku macho yakibaki juu, hata akiwa mzito, ana kitu ambacho hakifundishwi kirahisi.

Uvamizi wa ghafla, ambapo ulinzi unatuma watu wengi kuliko wazuiaji waliopo, unampa chini ya sekunde mbili. Anatakiwa ajue kabla mpira haujatoka nani hatazuiwa na mpira uende wapi. Vyuo vingi humwondolea mzigo huo: kila mtu anasimama, anageukia pembeni, na kocha anabadili mpango kwa ishara. Tangu 2024 vyuo vya juu vinaruhusiwa redio kwenye kofia kama NFL, na kwa wote wawili sauti inakatika saa ya kuanzisha mchezo ikibaki na sekunde 15. Kwa hiyo tazama sekunde hizo 15. Anamwonyesha senta kwa kidole? Anamhamisha mkimbiaji upande wa pili? Anabadili njia ya mpokeaji? Au amesimama tu akisubiri?

Mkono na miguu

Watu hupenda kuona pasi ya yadi 65 angani. Katika mechi nzima atairusha mara moja, au asiirushe kabisa. Pasi inayopima mkono ni ile ya kukata kwenda nje, kuelekea pembeni ya mbali.

Fanya hesabu. Uwanja una upana wa futi 160. Vyuoni alama mbili za katikati ambazo mpira huwekwa zimeachana futi 40. NFL zimeachana futi 18 na inchi 6. Mpira ukiwa kwenye alama ya kushoto chuoni, pembeni ya kulia iko futi 100, yaani yadi 33. Kwotabeki amerudi yadi 7, mpokeaji anakata yadi 12 mbele na anaudaka yadi 2 kabla ya mstari. Mpira unasafiri karibu yadi 37 ili timu ipate yadi 12. Kwa maili 50 kwa saa unachukua kama sekunde 1.5, kwa maili 55, karibu 1.36. Tofauti hiyo ndogo inampa beki anayekimbia yadi moja zaidi, na yadi moja ndiyo inayotenganisha mpira uliodakwa na ule unaorudishwa kwa tachidauni upande wa pili.

Lakini pindua hesabu. Kutoka alama hiyo hiyo kwenda upande wa karibu, mpira unasafiri yadi 26 tu. Kuna mashambulizi ya vyuo yanayoishi upande huo mfupi, na mkono wa wastani unaonekana una nguvu. Ndiyo sababu ya ile safu ya jedwali inayosema mpira ulikuwa alama gani. NFL mpira uko karibu na katikati kila mara, pande mbili zinakaribiana, na upande mfupi wa kujificha haupo.

Kwa usahihi, acha asilimia na upime mahali mpira ulipofika. Mimi hutumia alama tatu: 2 kama mpokeaji aliendelea kukimbia bila kubadili mwendo, 1 kama aliudaka lakini akalazimika kusimama, kujikunja au kuruka, 0 kama haukudakika. Pasi nyingi za alama 1 huhesabiwa kuwa zimekamilika chuoni. Huku juu, NFL, beki anafika wakati ule ule mpokeaji anaposita.

Kisha tafuta kwa nini alikosa. Makosa yakiwa na mpangilio, kuna dawa. Hatua ya mbele ikiwa ndefu mno, mwili unabaki nyuma na mpira unapaa juu ya mpokeaji. Mguu wa mbele ukifungia ndani, nyonga haizunguki na mpira unaangukia nyuma ya mtu. Hizi unaziona, unaweza kuzihesabu, na kocha anaweza kuzishughulikia. Makosa yasiyo na mpangilio, moja juu, moja chini, moja kushoto, na miguu ikiwa sawa kila mara, hayo ndiyo yanayotisha.

Hapa ndipo jina la Josh Allen huletwa. Pale chuo cha Wyoming alikamilisha asilimia 56.2 ya pasi zake. Buffalo walimchagua wa 7 mwaka 2018, akapata 52.8 msimu wa kwanza, 58.8 wa pili, na 69.2 mwaka 2020 alipoletewa mpokeaji Stefon Diggs. Mwaka 2024 akawa mchezaji bora wa ligi. Tangu hapo kila kijana mkubwa wa mwili asiye sahihi anaitwa Allen mpya. Anthony Richardson alikuwa na 53.8 msimu wake wa mwisho Florida, akiwa ameanza mechi 13 tu. Kwenye kambi ya vipimo ya Indianapolis alikimbia yadi 40 kwa sekunde 4.43 na kuruka juu inchi 40.5, rekodi kwa kwotabeki. Alichaguliwa wa 4 mwaka 2023. Mwaka 2024 alikamilisha asilimia 47.7. Kupanda kwa Allen kulitokea, na ni jambo la kupendeza sana kulitazama, lakini ukiwa na kazi ya kutoa alama usimnunue mtu kwa bei ya kile kilichotokea mara moja.

Vipimo vya mwili visikuchukulie muda mwingi. Upana wa kiganja, toka ncha ya dole gumba hadi ya kidole kidogo, huchukuliwa kuwa salama ukifika inchi 9. Joe Burrow alipimwa 9 kamili na akawa wa 1 mwaka 2020. Kenny Pickett alikuwa 8.5. Kiganja kidogo kina maana mpira ukiwa umelowa au beki akiupiga mkono, kwa hiyo hesabu mara alizopoteza mpira badala ya kubishana kuhusu rula. Kimo ni vivyo hivyo. Bryce Young ni futi 5 na inchi 10, na alichaguliwa wa 1 mwaka 2023. Swali ni kama anapata vichochoro vya kurushia katikati ya mikono ya watu wakubwa, na jibu liko kwenye video. Tom Brady, anayehesabiwa miongoni mwa makwotabeki bora kuliko wote, alikimbia yadi 40 kwa sekunde 5.28, mwendo wa pole.

Siku ya maonyesho chuoni ni ya kuhudhuria kwa adabu na kuisahau. Hakuna ulinzi, pasi zimepangwa, wapokeaji ni wa kwake, na mkufunzi wa kulipwa ameificha kila pasi anayokosa. Ukimnunua kwa hiyo, umeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Mazungumzo, kinyume chake, yana faida kubwa yakifanywa vizuri. Mfundishe mchezo mmoja kwa lugha ya timu yako: jina refu lenye umbo, mwendo, kinga na njia. Hamia jambo lingine kwa dakika 20. Kisha mpe kalamu na ubao, achore mchezo ule, na aeleze mpira unakwenda wapi beki wa mwisho akishuka. Halafu weka video ya pasi yake iliyonaswa na umwachie nafasi. Anayeanza na jukumu lake yeye kabla ya kuwataja wengine amekwisha kukuambia mengi. Mitihani ya akili ya karatasi au kompyuta nisingeiwekea uzito. Jaribio la Wonderlic liliondolewa kwenye kambi ya Indianapolis mwaka 2022, na mwaka 2023 zilivuja habari za alama ya chini ya C.J. Stroud kwenye mtihani wa S2. Mwisho wa msimu huo huo akawa mchezaji bora chipukizi wa upande wa mashambulizi.

Idadi ya mechi alizoanza inabaki kuwa kinga nzuri dhidi ya kujidanganya. Kocha Bill Parcells alitaka walau 30. Mitchell Trubisky alikuwa na 13 alipochaguliwa wa 2 mwaka 2017, Lance alikuwa na 17. Purdy alicheza misimu minne Iowa State. Jayden Daniels aliingia drafti ya 2024 akiwa na mechi 55 na Bo Nix 61. Ila sasa kuna mtego wa upande wa pili: uhuru wa kuhama chuo na fedha za matangazo vimewafanya vijana wakae hadi miaka 24, na mtu wa 24 anayewasumbua mabeki wa 19 lazima alinganishwe na alivyokuwa yeye mwenyewe akiwa na 20 na 21. Brandon Weeden alichaguliwa wa 22 mwaka 2012 akiwa na miaka 28. Muda wa kumkuza haukuwepo.

Alama yako iandikwe kabla hujajua nani anachagua wapi. Uhitaji wa timu hupandisha bei, hasa tangu mkataba wa 2011 kati ya ligi na wachezaji ulipopunguza mishahara ya wachezaji wapya. Mwaka 2010 Sam Bradford alidhaminiwa dola milioni 50. Mwaka mmoja baadaye Cam Newton, naye wa 1, alipata milioni 22 kwa miaka yote minne. Kosa halimalizi tena fedha za klabu, kwa hiyo klabu zinathubutu zaidi, na kijana wa raundi ya pili anaitwa wa kwanza.

Mwisho wa ripoti, chini ya alama, andika anachohitaji ili acheze vizuri. Sam Darnold alichaguliwa wa 3 mwaka 2018 na New York Jets na akaonekana amekwisha. Mwaka 2024, akiwa na timu yake ya nne, Minnesota, alishinda mechi 14, akicheza na mpokeaji Justin Jefferson na kocha aliyempangia pasi za danganyo. Patrick Mahomes, aliyekuja kuwa bingwa wa ligi, alikaa nyuma ya mkongwe Alex Smith karibu msimu mzima wa 2017 na kuanza mechi moja. Taja pasi tatu anazoweza kuzirusha wiki ya kwanza, aina ya ulinzi inayomchanganya kwa sasa, kasoro moja ya miguu ya kuanza nayo mwezi Mei, na kama anahitaji mwaka wa kukaa, uandike mwaka huo waziwazi ili mwenye timu ausome kabla ya kuinua simu.